Juu ya Hasira na Jubilei

Hotuba iliyosomwa mbele ya Wakristu na walimu wa jimbo



Tumekusanyika kwa furaha ya jubilei, na furaha hiyo ni haki yetu. Lakini tukifungua Kitabu cha Walawi, mlango wa 25, mahali Mungu alipowaagiza Waisraeli habari za mwaka wa hamsini, twaona jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Tarumbeta ya jubilei ilipigwa siku ya Upatanisho, ambayo ilikuwa siku ya kufunga na kujinyenyekeza. Kwanza watu walitafuta kupatana na Mungu. Kisha mtumwa akarudi kwao, shamba likarudi kwa mwenyewe, na nchi yenyewe ikapumzishwa. Kwa hiyo mtu atakaye furaha ya jubilei na huku hataki upatanisho, amechukua nusu ya neno la Mungu na kuiacha nusu.

Basi tumeona vema kusema nanyi juu ya jambo moja lizuialo upatanisho kuliko mengi, nalo ni hasira. Hatusemi hasira za wafalme na mataifa ya mbali. Twasema hasira ya kila mmoja wetu, ile ambayo mtu hulala nayo usiku na kuamka nayo asubuhi. Tena twaisema hapa, katika nchi ya Shinyanga na Geita, kwa sababu nchi hii imelipa gharama kubwa kwa hasira, kama tutakavyoonyesha.

Hasira iliyo dhambi na hasira isiyo dhambi

Kwanza yafaa kujua kwamba si kila hasira ni dhambi. Mtu aonaye mtoto akipigwa bure na moyo wake usipande, mtu huyo ni mgonjwa wa roho. Mwinjili Marko, katika mlango wake wa tatu, asimulia kwamba Bwana wetu aliwatazama kwa hasira watu waliomvizia katika sinagogi, waone kama ataponya siku ya Sabato. Lakini angalieni mambo mawili katika habari hiyo. Hasira ya Bwana ilikuwa pamoja na huzuni; aliwasikitikia wale wale waliomkasirisha. Tena hasira yake iliishia katika tendo jema: mtu mwenye mkono uliopooza akaponywa, wala hakuna aliyepigwa.

Kanisa limeiweka hasira katika hesabu ya vilema saba vilivyo mizizi ya dhambi. Halikufanya hivyo kwa sababu ya ule moto wa kwanza, kwa maana moto wa kwanza humpata hata mtakatifu. Hasira huwa kilema pale tunapoipa kiti ikae, tunapoilisha kila siku, na zaidi tunapoitafutia mtu wa kuadhibiwa. Hili la mwisho ndilo tutakalolichunguza leo.

Swali la "Nani?"

Wazee waliomo humu wameyaona mambo haya, na vijana wameyasikia. Mtoto ameshikwa na homa jioni, asubuhi amekufa. Ng'ombe watatu wameanguka zizini kwa siku moja. Mvua imekatika, na pamba imenyauka kabla ya kupasua vitumba. Moyo wa mwenye nyumba umejaa huzuni, na huzuni ni kama chuma cha shoka kisicho na mpini: ni kizito, chaumiza, na mtu hajui akishike wapi. Ndipo ajapo jirani, au mpiga ramli, akamnong'oneza neno moja: Nani? Nani amekufanyia hivi? Toka saa ile chuma kimepata mpini.

Hatusimulii hadithi. Serikali ilipofanya hesabu ya watu waliouawa kwa kusingiziwa uchawi katika Tanzania Bara, tangu mwaka 1970 hata 1984, ilipata watu 3,693. Wanaume walikuwa 1,407 na wanawake 2,286. Zaidi ya nusu yao walikufa katika mikoa miwili tu, yaani Mwanza na Shinyanga. Na siku zile Geita ilikuwa ndani ya mkoa wa Mwanza, kwa kuwa mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012. Wala mauaji hayakukoma mwaka 1984. Miaka mingi baadaye yaliendelea kusikiwa katika vijiji vyetu.

Walio wengi walikuwa mabibi wazee, wajane waliokaa peke yao, ambao katika nchi yetu kila mtu huwaita mayu, yaani mama. Na mara nyingi alama iliyowahukumu ilikuwa macho mekundu. Mtu alisema, Mtazameni macho yake. Na neno hilo likatosha kuwa ushahidi, na hukumu, na amri.

Sasa tuuweke upande ule ushahidi, na tuulize swali jingine. Kwa nini macho ya mayu ni mekundu? Ni kwa sababu ya moshi. Kwa nini moshi umemharibu hivyo? Kwa kuwa amepika miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha, naye amepikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka na vijiti vya pamba. Kwa nini hakupikia kuni njema? Kwa kuwa miti ilikuwa imekwisha. Na kwa nini miti ilikwisha? Katika utawala wa Waingereza vichaka vingi vya Shinyanga vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka, ng'ombe wakazidi, na iliyobaki ikaliwa au ikachomwa, hata watu wakaanza kuiita nchi hii jangwa.

Tazameni jinsi swali la "Kwa nini?" lilivyotupeleka mbali. Limetutoa katika jicho la bibi mmoja, likatufikisha kwenye vichaka vilivyofyekwa labda kabla yeye hajazaliwa. Swali la "Nani?" lilituchukua hatua chache tu, likatusimamisha mlangoni pake usiku na panga mkononi.

Maandiko yasemavyo

Wanafunzi wa Bwana walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza swali lile lile letu: nani aliyekosa, yeye au wazazi wake? Habari hii imo katika Yohana, mlango wa tisa. Bwana hakumtaja mtu yeyote. Alilikataa swali lenyewe, akayageuza mawazo yao waitazame kazi ya Mungu iliyokuwa ikingoja kufanywa. Kisha akafanya tope kwa mate yake, akampaka yule kipofu machoni. Wao walitafuta mkosaji, naye alitafuta dawa.

Tena tusome Kitabu cha Mwanzo, mlango wa nne. Kaini alipoona kwamba sadaka yake haikupokewa, uso wake ulikunjamana. Mungu alimjia kabla hajafanya neno lolote, akamwuliza sababu ya hasira yake. Swali lile lilikuwa mlango uliofunguliwa ili Kaini atoke. Lakini tukisoma kwa makini, twaona kwamba Kaini hakujibu. Maneno ya Mungu yameandikwa. Jibu la Kaini halimo. Laiti angalisema: Bwana, nimekasirika kwa kuwa naona haya, na kwa kuwa namwonea ndugu yangu wivu. Maneno hayo yangalimchoma kinywa, lakini Habili angaliishi. Kwa kuwa alikataa kujibu swali la kwanza, aliulizwa la pili: ndugu yake yuko wapi?

Ndugu wapenzi, maswali haya mawili hayakuulizwa siku zile tu. Mungu anapotuuliza, "Kwa nini umekasirika?" nasi tukanyamaza, siku yaja atakapotuuliza habari za ndugu yetu.

Hasira machimboni

Katika nchi ya dhahabu hasira imepata malisho mengine. Tukienda Nyarugusu, au Rwamgasa, au Mwakitolyo, twaona jinsi wachimbaji wadogo wanavyoishi. Watu kadhaa huingia katika duara moja. Huchimba wiki kwa wiki, pengine miezi, pasipo mshahara, wakila chakula cha kukopeshwa, na juu ya vichwa vyao ni matimba tu yazuiayo udongo usianguke. Mawe yakipatikana hugawanywa kwa mifuko: sehemu ya mwenye eneo, sehemu ya mwenye duara, sehemu ya wale walioshuka. Kisha mifuko hupelekwa karasha, mawe husagwa, mchanga wake huoshwa na kukamatishwa kwa zebaki. Mwisho wa kazi yote hiyo, mtu hutazama kiganjani mwake, na pengine haoni hata punje.

Nani asiyeelewa uchungu wa saa ile? Deni lipo, mke angoja, na watoto wanatakiwa kwenda shule. Ndipo neno letu la zamani linaporudi: nani amelifunga duara letu? Mmoja amshitaki mwenzake kwamba amebadilisha mfuko. Mwingine aenda kwa mganga. Nanyi mwajua waganga wengine walijibu nini. Tangu karibu na mwaka 2006, katika mikoa ya Ziwa, watu wenye ulemavu wa ngozi, wale waitwao albino, waliwindwa na kukatwa viungo, kwa sababu wachimbaji na wavuvi walidanganywa kwamba viungo vile huleta mali. Mwaka 2009 Mahakama Kuu, ilipoketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kifo kwa kumwua kijana mmoja wa Bukombe. Na katika shule ya Buhangija, karibu na mji wa Shinyanga, watoto wengi wenye ulemavu huo waliletwa wakae humo, kwa kuwa nyumbani kwao hapakuwa na usalama.

Mtu atasema: ule ulikuwa uchoyo, si hasira. Ni kweli, uchoyo ulikuwapo. Lakini tuulize uchoyo ule ulipata wapi ujasiri. Ulianza pale mtu alipokataa kukubali kwamba mwamba waweza kukosa dhahabu kwa kuwa ni mwamba tu usio na dhahabu. Jibu hilo ni gumu kwa mwenye njaa. Lakini ni jibu la kweli, na mtu akilikubali, jirani yake abaki hai.

Hasira yenye haki, na jinsi iharibikavyo

Mtu asidhani kwamba twawafundisha maskini wanyamaze. Dhuluma ipo, na katika nchi ya dhahabu imelalamikiwa kwa miaka mingi. Mwezi wa Agosti 1996 wachimbaji wadogo wengi waliondolewa Bulyanhulu ili pafanywe mgodi mkubwa, na malalamiko ya watu juu ya jambo lile yalidumu miaka na miaka. Hatutamwambia mtu aliyepoteza riziki yake kwamba asikasirike. Manabii walikasirika kwa ajili ya maskini, na hasira yao imo katika Maandiko Matakatifu.

Twasema hivi: hasira ya haki huenda mchana. Huenda barazani, huenda mahakamani, huleta mashahidi, husema jina lake na kusikia jibu la mshitakiwa. Hasira mbovu huenda usiku, hufunika uso, wala haitaki kusikia jibu. Kwa alama hiyo kila mmoja aweza kuipima hasira yake mwenyewe.

Na tujihadhari, kwa kuwa hasira ya haki huharibika upesi kama maziwa juani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi upande wa Kahama na Nzega, watu waliunda sungusungu, wakalinda vijiji vyao kwa pinde na mishale. Wizi ulipungua, watu wakalala usingizi. Na kwa jambo hilo walisifiwa. Lakini kila mahali kundi lilipohukumu pasipo ushahidi, mwenye hatia na asiye na hatia walianguka pamoja.

Kabla ya hapo, mwaka 1976, watumishi wa Serikali walitumwa Mwanza na Shinyanga kuwatafuta waliokuwa wakiwaua vikongwe. Nia ilikuwa njema. Walakini katika kuwasaka wauaji, watu wengi walikamatwa na kuteswa, na baadhi yao wakafa wakiwa wamefungwa. Basi waliotumwa kukomesha mauaji waliacha maiti nyuma yao. Aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, hakuwa amemtesa mtu kwa mkono wake. Lakini mwezi wa Januari 1977 alijiuzulu, akisema kwamba yaliyotendwa chini ya wizara yake ni juu yake. Baadaye alikuwa Rais wa nchi yetu tangu 1985 hata 1995, naye alifariki mwaka 2024. Yeye alikuwa Mwislamu, nasi hatuoni haya kujifunza kwake. Wakati ambapo kila mtu alitafuta nani wa kulaumiwa, yeye alijitokeza mwenyewe. Katika habari zote za hasira za nchi hii, hatujui jibu lililo bora kuliko lile kwa swali la "Nani?"

Wala tusijidhanie kuwa dini peke yake yatukinga. Mwezi wa Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, Wakristu na Waislamu waligombana juu ya nani mwenye haki ya kuchinja mnyama ambaye nyama yake yauzwa buchani. Ugomvi ulikua mpaka ukawa ghasia, na mchungaji mmoja wa Kikristu akauawa. Watu wale walikuwa majirani. Walikuwa wamenunua chumvi katika duka moja na kuzikana kwa miaka mingi. Hasira ikisema kwamba yamtetea Mungu, yafaa kuichunguza mara mbili, kwa kuwa Mungu hakuomba kutetewa kwa panga. Petro alipolitoa lake bustanini, aliambiwa alirudishe.

Nyumbani na shuleni

Tumesema mambo makubwa. Lakini mambo makubwa huanza nyumbani. Baba amegombana na mtu mnadani. Huko hakuweza kusema neno, kwa sababu yule mtu ana nguvu. Arudi nyumbani, akuta ugali haujaiva, na ghafula mkewe amekuwa mkosaji wa mambo yote. Mke hakuthubutu kujibu, ampiga mtoto. Mtoto atoka nje, ampiga mbwa teke. Hivyo hasira moja imepita katika watu watatu na mnyama mmoja, wala haikumfikia hata mara moja yule aliyeianzisha. Hasira hupenda kuteremka kwa walio dhaifu, kama maji yapendavyo bondeni. Wahenga walisema hasira ni hasara, nao walijua kwamba mara nyingi alipaye hasara si yule aliyekasirika.

Nanyi walimu, twawaomba msikie neno hili kwa moyo wa unyenyekevu. Mwalimu amepewa watoto wasioweza kumjibu. Mwaka 2018, katika mkoa jirani wa Kagera, mwanafunzi wa shule ya msingi alikufa baada ya kuchapwa na mwalimu, kwa kudhaniwa kwamba ameiba mkoba wa mwalimu mwingine. Nchi nzima ililia. Hata pale swali lilikuwa lile lile: nani amechukua? Na jibu lilitakiwa mara moja, kutoka kwa mwili wa mtoto. Basi, mwalimu, ukiona mkono wako unatetemeka kwa hasira, ujue kwamba saa ile wewe si mwalimu tena. Toka nje ya darasa. Tazama miti. Fimbo haiwezi kumfundisha mtoto jambo ambalo mwenye fimbo mwenyewe amelisahau.

Jinsi ya kuichunguza hasira

Sasa twafika kwenye dawa. Mtume Paulo awaonya Waefeso, katika mlango wa nne, kwamba jua lisituchwee tukiwa bado na hasira. Basi twawapa maswali manne ya kujiuliza jioni, kabla ya kulala. Mwalimu wa dini aweza kuyafundisha hata kwa watoto wa Komunyo ya kwanza.

Swali la kwanza: Kwa nini nimekasirika? Hapa usitaje jina la mtu. Taja jeraha lako. Sema: nimefiwa, nimeaibishwa, naogopa njaa, namwonea wivu aliyepata. Mtu akiweza kulitaja jeraha lake mbele ya Mungu, nusu ya moto imezimika, kwa kuwa amejibu pale Kaini aliponyamaza.

Swali la pili: Je, nimeona, au nimesikia tu? Maneno mengi yaliyowaua mayu zetu yalianza na "wanasema". Mkristu asiitie sahihi hukumu iliyoandikwa na "wanasema".

Swali la tatu: Ndugu yangu yuko wapi? Yaani, yule niliyemkasirikia yu katika hali gani jioni hii? Amekula? Ana watoto? Ana uchungu gani nisioujua? Bwana wetu aliwasikitikia waliomkasirisha; nasi tukiona kwamba hasira yetu haina huzuni hata kidogo kwa ajili ya yule mtu, tujue kwamba imeharibika.

Swali la nne: Nifanye tendo gani jema mchana wa kesho? Pengine ni kwenda kwake na kusema naye mbele ya mzee mmoja. Pengine ni kupeleka shauri barazani. Pengine ni kunyamaza na kungoja.

Na juu ya kungoja twataka kuongeza neno. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI. Katika mpango ule watu waliirudia desturi ya zamani ya Wasukuma iitwayo ngitili: kutenga kipande cha ardhi, kukizuia ng'ombe wasiingie, na kukiacha kipumzike mpaka kiangazi. Wengi walidhani kwamba nchi imekufa. Lakini visiki vilikuwa bado na uhai chini ya udongo. Vilipopumzishwa, vilichipuka vyenyewe, na leo pana miti mahali palipokuwa uwanda mtupu. Basi moyo nao wahitaji ngitili. Mahali palipo na jeraha jipya, usipeleke ng'ombe wa maneno. Patenge. Ombea pale, ungoje. Upendo unaodhani kwamba umekufa kati yako na ndugu yako, pengine ni kisiki tu kinachohitaji kuachwa kipumzike.

Lakini kungoja kusigeuke kuwa kisingizio. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa tano, Bwana atuagiza kwamba mtu aletaye sadaka altareni, akikumbuka ya kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale na kwenda kupatana naye kwanza. Angalieni vema: Bwana ataja hasira ya yule ndugu. Hasemi juu ya neno nililo nalo mimi juu yake, bali juu ya neno alilo nalo yeye juu yangu. Kwa hiyo mwenye duara asingoje wachimbaji waje kumwomba radhi. Kama mifuko haikugawanywa kwa haki, na aende yeye. Mume asimngoje mke, wala mwalimu mwanafunzi, wala mkubwa mdogo. Yule mwenye nguvu ndiye aondoke kwanza altareni.

Mfano mmoja wa karibu

Yawezekana mtu auulize mfano wa watu waliotendewa ubaya mkubwa wakaukabili kwa njia hii. Tunao, na si wa mbali. Mwezi wa Februari 2023 mtu mmoja aliingia usiku katika Kanisa Kuu la Geita, akavunja na kunajisi vitu vitakatifu. Wakristu walipoyaona asubuhi, wengi walilia. Mahali pengine jambo kama lile lingaliamsha kundi zima. Askofu Flavian Kassala alilifunga Kanisa hata katikati ya Machi, akawaita waamini katika sala na toba ya malipizi. Na habari ya mtu aliyeshitakiwa ikaachwa mikononi mwa sheria. Kisha Kanisa lilifunguliwa tena kwa ibada.

Tafakarini jambo hili. Waliokosewa ndio waliofanya toba. Mbele ya macho ya dunia huo ni upumbavu. Lakini kwa siku zile zote za kufunga, hasira ilikosa mpini, nayo haikupata mtu wa kumwangukia.

Mwisho

Wapendwa, jubilei hii tutaiimbia, tutaipigia ngoma, tutaipikia chakula, na yote hayo ni mema. Lakini twawaomba kila parokia ifanye jambo moja zaidi, lisilohitaji fedha nyingi. Kabla ya siku ya Misa kuu, vijana waende wawili wawili katika nyumba za mabibi wazee wakaao peke yao, Wakristu na wasio Wakristu. Wapeleke mzigo wa kuni zilizokauka vema. Wakiona nyumba haina dirisha, watoboe ukuta na kuweka dirisha, ili moshi upate njia. Wakae chini, wamsalimu mayu kwa adabu ya kwetu, wamsikilize habari zake mpaka azimalize. Na kila mtu aliyewahi kunong'ona neno juu ya bibi yule, aende naye amwombe radhi.

Mungu Baba aliyewapa mababu zetu nchi hii, na Mwanawe aliyewaombea waliomsulibisha, na Roho Mtakatifu apozaye mioyo, awabariki ninyi nyote, na nyumba zenu, na shule zenu, na machimbo yenu. Amina.